Nani Anabaki Kambini? Uhakiki wa Vitabu vya Picha Kuhusu Watoto Wakimbizi

Utangulizi

Neno mkimbizi si geni kwa mtahiniwa wa Kiswahili nchini Kenya. Kati ya mwaka 2018 na 2022, riwaya teule ya Chozi la Heri yake Assumpta K. Matei ilimtaka kila mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu afuate masaibu ya Ridhaa, Kaizari na wenzao waliofurushwa makwao kutokana na ghasia za uchaguzi. Walimu waliifundisha riwaya hiyo kwa bidii. Wanafunzi walikariri maudhui, wakachora majedwali ya wahusika na kuorodhesha mbinu rejeshi. Hata hivyo, upo utanzu mmoja unaozungumzia suala lilo hilo ambao walimu wa sekondari huupita bila kugeuza shingo. Utanzu huu ni kitabu cha picha.

Wengi hudhani kwamba kitabu cha picha ni cha mtoto wa chekechea ambaye bado hajui kusoma, na kwamba akishajua kusoma, picha huondolewa kama fito za nyumba iliyokwisha kujengwa. Dhana hii ni potofu. Kitabu cha picha kilichotungwa vyema kina wasimulizi wawili, yaani maneno na michoro, na mara nyingine wasimulizi hao hawasemi jambo moja. Mhakiki asiyeisoma michoro amesoma nusu ya kitabu.

Makala haya yanahakiki vitabu vitano vilivyotungwa ili kuwasaidia watoto kuelewa maisha ya ukimbizi. Vyote vilitungwa kwa Kiingereza na kuchapishwa ng'ambo, na vitatu kati ya hivyo vinahusu watu wa Sudan na Somalia, majirani wetu. Hoja kuu ni kwamba vitabu hivi vinafaulu pakubwa kumfanya mtoto mkimbizi kuwa mhusika kamili badala ya kielelezo cha huzuni. Hata hivyo, vingi vyao huitamatisha hadithi mahali ambapo maisha ya wakimbizi wengi hayafiki, yaani kwenye safari ya kwenda nchi ya mbali. Kwa msomaji wa Kenya, anayeishi katika nchi ambamo kambi zenyewe zipo, mwisho huo unazua swali lisiloepukika: nani anabaki kambini, na nani atatunga hadithi yake?

Usuli

Ni vyema kwanza kumkumbusha msomaji mambo machache ya kihistoria. Kambi za Dadaab katika eneo la Garissa zilianzishwa mwaka 1991 baada ya serikali ya Somalia kuporomoka. Kambi tatu za mwanzo, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu wapatao 90,000. Ukame na njaa ya mwaka 2011 viliifanya idadi hiyo kupita 400,000. Kambi ya Kakuma katika Turkana ilianza mwaka 1992, na miongoni mwa waliofika mwanzo ni maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu hadi Ethiopia, kisha wakalazimika kukimbia tena mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, Kenya ilikuwa imewahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000.

Jambo la pili linamhusu mwalimu moja kwa moja. Shule za Dadaab na Kakuma hufuata mtaala wa Kenya na kufanya mitihani ya Kenya, Kiswahili kikiwemo. Hivyo basi, Chozi la Heri ilipotahiniwa, miongoni mwa watahiniwa walioulizwa kuhusu maisha ya kambini kulikuwa na wale walioandika majibu yao wakiwa kambini. Mwalimu anayedhani kwamba darasa lake linasoma habari za "watu wale" sharti aangalie tena madawati yake.

Picha kama msimulizi wa pili

Tuanze na kitabu kinachoonyesha vyema zaidi uwezo wa utanzu huu. "The Journey", yaani Safari, kilitungwa na kuchorwa na Francesca Sanna, msanii mzaliwa wa Italia, na kuchapishwa mwaka 2016. Msukumo wake ulitokana na mazungumzo ya mwandishi na wasichana wawili aliowakuta katika kituo cha wakimbizi nchini Italia, pamoja na masimulizi ya watu wengine aliokutana nao baadaye. Nchi ya mtoto haitajwi. Vita haviitwi kwa jina lolote. Vinajitokeza kama weusi unaopanda kutoka baharini na kumeza kila kitu, na baba anapotea ndani yake.

Msimulizi ni mtoto, katika nafsi ya kwanza. Familia inapolala msituni usiku, mtoto anasema kwamba yeye anaogopa lakini mama haogopi kamwe. Mchoro wa kwanza unakubaliana naye, kwani mama amewakumbatia watoto huku macho yake yakiwa wazi. Katika mchoro unaofuata watoto wamefumba macho, na mama analia.

Hiki ni kinaya cha hali ya juu. Msomaji anajua asichokijua msimulizi. Zaidi ya hayo, msomaji mdogo asiyeweza kusoma neno hata moja ndiye wa kwanza kukigundua, kwa sababu anatazama picha wakati mtu mzima anasoma maneno. Mtoto anamwambia mwalimu, "Lakini analia!" Kwa hatua hiyo ndogo amejifunza jambo kuu kuhusu ukimbizi, kwamba ushujaa wa mzazi mara nyingi ni hofu iliyofichwa. Mwandishi wa riwaya angehitaji aya nzima kulieleza jambo hili, na huenda angeliharibu kwa kulieleza. Mchoraji amelitenda kwa kumfumba mtoto macho.

Mtahiniwa akumbuke kwamba kinaya hakipatikani katika maneno pekee. Hutokea popote panapokuwa na pengo baina ya kinachosemwa na kilichopo. Katika kitabu cha picha, pengo hilo limo katika ukurasa wenyewe.

Ndara, jina na mifugo: uzito wa vitu vidogo

Vitabu hivi vina ujuzi wa pamoja katika matumizi ya ishara. Havianzi na mikataba ya kimataifa wala takwimu. Huanza na kitu ambacho mtoto anaweza kukishika.

"Four Feet, Two Sandals", yaani Miguu Minne, Ndara Mbili, kilitungwa na Karen Lynn Williams na Khadra Mohammed, kikachorwa na Doug Chayka na kuchapishwa mwaka 2007. Mandhari ni kambi ya Waafghani mjini Peshawar, Pakistan. Lori la misaada linaleta nguo kuukuu, watu wanasukumana, na Lina anafanikiwa kunyakua ndara moja ya manjano yenye ua la samawati. Anapogeuka anaiona ya pili mguuni mwa msichana mwingine, Feroza. Hakuna anayeweza kutembea vizuri na ndara moja. Baada ya kutazamana kwa ukimya, wanakubaliana kuzivaa kwa zamu.

Ndara hizi zimebeba dhamira yote ya kitabu. Kwanza, zinaonyesha uhaba, kwani msaada unaotupwa kutoka kwenye lori haujui miguu ya nani ni ipi. Pili, zinaonyesha utu. Wasichana wawili ambao kambi imewaweka kwenye ushindani wanachagua ushirika. Tatu, na hili ndilo huwaponyoka wahakiki wengi, ndara zinampa mtoto mkimbizi uwezo wa kutoa. Katika taarifa za habari, mkimbizi hupokea tu: hupokea unga, turubai na huruma. Hapa Lina na Feroza wanapeana. Mhusika anayeweza kutoa si tena kielelezo cha shida. Amekuwa mtu.

Waandishi hao wawili walirudi mwaka 2009 na "My Name Is Sangoel", yaani Jina Langu ni Sangoel, kilichochorwa na Catherine Stock. Sangoel ni mvulana Mdinka wa miaka minane. Baba yake aliuawa vitani nchini Sudan. Anapoondoka kambini na mama yake na dada yake mdogo kwenda Marekani, mzee wa kambi anamkumbusha kwamba atabaki kuwa Sangoel na atabaki kuwa Mdinka popote aendako. Huko anakofika kila mtu analiboronga jina lake. Mama anafikiria kwamba labda atahitaji jina la Kimarekani. Sangoel hakubali. Anachukua fulana nyeupe, anachora jua, kisha anachora goli la kandanda. Kwa Kiingereza, neno la jua likifuatwa na neno la goli hutoa sauti inayokaribia Sangoel. Wanafunzi wenzake wanaposoma fulana hiyo wanalitamka jina sawasawa, kisha nao wanaanza kuchora majina yao.

Kitabu hiki kina somo la ziada kwa mwalimu wa Kiswahili, nalo ni somo la tafsiri. Hebu tukitafsiri. Jua na goli haviwezi kuzaa Sangoel katika lugha yetu, na hadithi yote imesimama juu ya fumbo hilo. Mtafsiri aliye makini anaweza kuchora saa na ngoe, ile fimbo yenye ndoano ya kuangulia matunda, akapata sauti iliyo karibu sana na jina hilo. Lakini hapo atakuwa amelipoteza goli, na goli halikuwekwa pale kwa bahati. Kandanda ni mchezo ambao mvulana huyu aliucheza kambini na ambao watoto wa Marekani pia wanaucheza. Ni daraja kati ya maisha yake mawili. Je, tuokoe sauti au tuokoe daraja? Hakuna jibu rahisi, na mjadala wa namna hii darasani unafunza mengi kuhusu tafsiri kuliko orodha ya sifa za mfasiri bora.

Kitabu cha tatu ni "Brothers in Hope", yaani Ndugu Katika Matumaini, cha Mary Williams. Kilichapishwa mwaka 2005, na michoro ya R. Gregory Christie ilikipatia tuzo ya heshima ya Coretta Scott King mwaka 2006. Kinasimulia safari ya wavulana wa Sudan niliowataja hapo juu kupitia kwa Garang, mvulana wa miaka minane aliyekuwa akichunga mifugo wakati kijiji chao kiliposhambuliwa. Wavulana wanajikuta peke yao, wengi mno na wadogo mno. Wanagawana katika makundi, na kila mkubwa anapewa mdogo wa kumtunza. Garang anamtunza Chuti.

Mhakiki atambue jinsi mwandishi anavyotumia ufugaji. Mtoto aliyelelewa kuchunga ndama anachunga mtoto mwenzake kwa ujuzi ule ule: anamtafutia maji, anamtafutia kivuli na kumhesabu kila asubuhi. Utamaduni wa Wadinka haujawekwa kuwa pambo la mandhari. Umekuwa nyenzo ya kuokoa maisha. Msomaji wa Turkana, Samburu, Pokot au Garissa halihitaji somo hili kwa maelezo ya chini ya ukurasa.

Mwisho wa hadithi

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Je, hadithi hizi zinaishia wapi?

Katika Miguu Minne, Ndara Mbili, jina la Lina linatokea kwenye orodha ya wanaokwenda Marekani. Jina la Feroza halipo. Marafiki wanaagana, na kila mmoja anabaki na ndara moja. Sangoel anaanza hadithi yake kwa kuondoka kambini, kwa hiyo kambi ni dibaji tu. Garang naye, baada ya miaka mingi Kakuma, anapata nafasi ya kwenda Marekani, kama walivyokwenda zaidi ya wavulana 3,000 wa kundi hilo kuanzia mwaka 2000 na 2001.

Hakuna uongo katika miisho hii. Watu hao walikwenda kweli. Aidha, tuwe waadilifu kwa waandishi: vitabu hivi viliandikwa kwanza kwa ajili ya mtoto wa Marekani anayempokea mwanafunzi mgeni darasani. Swali la mtoto huyo ni, "Huyu ametoka wapi, na nimkaribisheje?" Kwa swali hilo, hadithi inayotoka kambini na kufika darasani ni jibu sahihi.

Lakini Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi limeeleza mara kwa mara kwamba katika mwaka wowote, wakimbizi wanaopata makao mapya katika nchi ya tatu ni chini ya mmoja katika kila mia. Isitoshe, mlango huo hufungwa na wengine. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliusimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha kukubaliwa wakabaki walipokuwa. Hivyo, fasihi imemchagua Lina, ilhali takwimu zinamwelekea Feroza.

Kwa nini? Sababu moja ni ya kiusimulizi: safari hutoa ploti, na kungoja hakutoi. Sababu nyingine ni ya kimaisha. Aliyeondoka ndiye aliyepata mwandishi mwenza, mchoraji na mchapishaji. Aliyebaki amepata foleni ya maji. Kwa sababu hiyo, mtoto wa Kenya anayesoma vitabu hivi hujifunza bila kuambiwa kwamba nchi yake ni mahali pa kupitia tu, na kwamba hadithi ya maana huanza ndege inapopaa kutoka Kenya.

Kungoja kama ploti

Kipo kitabu kimoja kinachothibitisha kwamba kungoja kunaweza kusimuliwa. "When Stars Are Scattered", yaani Nyota Zinapotawanyika, kilichapishwa mwaka 2020. Ni riwaya ya picha iliyotungwa na Victoria Jamieson pamoja na Omar Mohamed, ambaye maisha yake ndiyo yanayosimuliwa. Ni ndefu kuliko vitabu vingine tulivyovitaja, na inamfaa hata mwanafunzi wa sekondari.

Omar na mdogo wake Hassan walikimbia Somalia wakiwa watoto, baba akiwa ameuawa na mama akiwa amepotezana nao. Wanalelewa Dadaab na mama mlezi, Fatuma. Hassan ana ulemavu na huweza kutamka neno moja tu, hooyo, ambalo kwa Kisomali ni mama. Omar anapopewa nafasi ya kwenda shule anasita. Nani atamlinda Hassan?

Mgogoro wa kitabu hiki umo katika swali hilo dogo. Ni mgogoro wa nafsi, si wa risasi. Vita vimesimuliwa kwa kurasa chache. Kurasa nyingi ni za siku za kawaida: kuteka maji, kungoja mgao, kusoma kwa bidii huku hujui masomo yatakupeleka wapi, kungoja mahojiano ya Umoja wa Mataifa, kisha kungoja majibu. Msichana hodari wa masomo, Maryam, anaozwa mapema na kuacha shule. Hapa msomaji anaelewa kwamba adui wa mtoto kambini mara nyingi ni wakati wenyewe.

Mbinu ya kibonzo inalisaidia jambo hili. Visanduku vinavyorudia mandhari ile ile, hema lile lile na jua lile lile humfanya msomaji aihisi miaka bila kuhesabiwa. Hii ni takriri inayoonekana kwa macho. Ni kweli kwamba kitabu hiki nacho kinaishia kwa ndugu hao wawili kwenda Marekani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tofauti ni kwamba ndege hiyo haifuti kurasa zilizotangulia. Msomaji anaondoka akiwakumbuka waliobaki kwa majina yao.

Safari ya Sanna nayo inakwepa mtego huu kwa njia nyingine. Haimfikishi mtoto popote. Inamwacha ndani ya gari moshi akiwatazama ndege wa angani wanaohama, akitumaini kupata makao siku moja. Mwisho huu wazi ni wa kweli zaidi, nao unamwachia msomaji kazi ya kuwaza.

Mgeni, jembe na jirani

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumkemea mgeni mvivu. Tuigeuze tuone upande wake wa pili: inamtaka mwenyeji atoe jembe. Kwa miaka mingi sera nchini Kenya iliwataka wakimbizi wakae kambini, na ruhusa ya kutoka au kufanya kazi ilikuwa adimu. Siku ya tatu ilipita, ikaja miaka thelathini, na jembe halikutolewa. Wapo waliozaliwa Dadaab wakawa wazazi papo hapo. Je, mtu aliyezaliwa Garissa ni mgeni hadi lini?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilianza kulegeza mambo, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unanuia kuzigeuza kambi ziwe makazi ambapo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali kwa pamoja. Namna mpango huo utakavyotekelezwa ni suala la wanasiasa na wahisani. Jina lake, hata hivyo, ni neno la Kiswahili, na neno hilo linatupa sisi wa fasihi wajibu. Watoto watakaoshirikiana shule wanahitaji hadithi inayouliza swali lao. Swali hilo si lile la mtoto wa Marekani. Ni hili: "Nitaishije na jirani ambaye kila mtu ananiambia ataondoka, naye haondoki?" Vilevile mtoto wa Kiturkana ana swali lake: "Kwa nini lori la chakula huenda kwa jirani ilhali ukame ni wetu sote?" Kitabu kinachoogopa swali la pili hakitaaminiwa na mtoto aliyeliuliza la kwanza.

Hadithi kama hiyo inastahili kutungwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Msomali, Mdinka, Mkongo na Mturkana hukutania shuleni. Ikitungwa kwa lugha ya asiyekuwepo, waliopo watabaki kuwa mada ya mazungumzo ya wengine.

Mapendekezo kwa mwalimu

Kwanza, tumia kitabu cha picha kama ngazi ya kupandia riwaya. Mwanafunzi aliyegundua kinaya katika machozi ya mama wa Safari atakitambua kwa urahisi katika nathari ndefu. Panapokuwa na nakala moja tu, inatosha kuionyesha darasani ukurasa kwa ukurasa.

Pili, soma picha kabla ya maneno. Waulize wanafunzi: nani yuko karibu, nani yuko mbali, nani anatutazama, ni rangi gani imekosekana? Waandike wanachokiona kabla ya kuandika wanachokihisi.

Tatu, usimgeuze mwanafunzi mkimbizi kuwa kielelezo cha somo. Kitabu cha Mary Hoffman, "The Color of Home", kilichochorwa na Karin Littlewood na kuchapishwa mwaka 2002, kinatupa mfano mzuri. Hassan, mtoto kutoka Somalia, hajui lugha ya shule yake mpya. Mwalimu hamsimamishi mbele ya darasa aeleze yaliyompata. Anampa rangi na karatasi, kisha anamtafuta mkalimani. Hassan anasema kwa brashi, kwa wakati wake. Anayetaka kusema asikilizwe, na anayenyamaza aachwe anyamaze.

Nne, waalike wanafunzi watunge. Waandike ukurasa mmoja wa kitabu cha picha unaomhusu Feroza siku moja baada ya Lina kuondoka. Feroza ana ndara moja. Anaamka asubuhi. Anafanya nini?

Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kitabu cha picha kina uwezo wa kisanaa unaomstahili mwanafunzi wa sekondari. Kina kinaya, ishara, takriri na usimulizi wa tabaka mbili. Waandishi waliotajwa wamemtoa mtoto mkimbizi katika hali ya kuhurumiwa na kumpa jina, rafiki, akili na uwezo wa kutoa. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Upungufu wao hautokani na nia mbaya. Unatokana na mahali walipokaa wakitazama. Anayekaa uwanja wa ndege wa Marekani humwona anayefika. Sisi tumekaa kwingine. Kutoka hapa tulipo anaonekana pia yule ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha, anayerudi kuteka maji na kesho yake anakwenda shule akiwa na kitabu cha Kiswahili mkononi. Mwandishi wa Kenya ana kila anachohitaji ili kumtungia hadithi, na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuanza na ukurasa mmoja.

Maswali ya kujadili

1. Kwa kurejelea kitabu cha Safari, fafanua jinsi maneno na michoro vinavyoweza kupingana ili kujenga kinaya. (alama 6)

2. "Ndara ni zaidi ya kiatu." Jadili umuhimu wa ishara hii katika Miguu Minne, Ndara Mbili. (alama 8)

3. Linganisha jinsi maisha ya kambini yanavyosawiriwa katika Nyota Zinapotawanyika na katika riwaya ya Chozi la Heri. (alama 20)

4. Ungekuwa mtafsiri wa Jina Langu ni Sangoel, ungelitatua vipi fumbo la fulana? Tetea uamuzi wako. (alama 6)